Uliza Mwalimu: Festo Kivengere na ng'ombe wanane

Toleo lililopita nilitaja jina la Askofu Festo Kivengere, yule Mwanglikana wa Uganda, kwa mistari miwili tu, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja hadi mjukuu wangu akaniuliza kama nimegombea ubunge. Nimechagua sita. Nyingine zilikuwa zinarudia swali lile lile, na moja ilikuwa ya matusi. Hiyo naiwekea kikombe cha chai.

*Shikamoo Mwalimu. Mchungaji wetu alihubiri kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzishwa na Festo Kivengere. Baba yangu, mzee wa miaka themanini na minane aliyeokoka enzi za mkoloni, akatikisa kichwa pale pale kwenye benchi. Anasema ulianzia Rwanda, na Festo aliukuta. Nyumbani sasa hatuelewani. Tuamulie, na utuambie huyu Festo alikuwa mtu wa namna gani. — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Muombe baba radhi, maana mzee yuko sahihi. Moto ule wa toba na wokovu makanisani ulipowaka, Festo alikuwa mvulana wa kuchunga ng'ombe.

Mashariki ya Rwanda kuna mahali panaitwa Gahini, palipokuwa na hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Mwaka 1929 njaa ilikuwa imeikaba nchi ile, na daktari Mwingereza wa pale, Joe Church, alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika. Mwezi Septemba, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba na kuambiana ukweli. Mzungu na Mwafrika, mwaka 1929, wamekaa sawa wanaungamiana! Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na mbili, na hapo huwa nasimama kwanza. Nsibambi baadaye aliacha kazi, akaacha na viatu, akawa anahubiri pekupeku. Mdogo wake Blasio Kigozi alikwenda kutumika Gahini, akafariki Januari 1936 angali kijana, na kifo chake kikawa kama petroli. Moto ukaenda Kigezi, Buganda, Burundi, Kenya, na huku kwetu ukaingilia kaskazini magharibi, kupitia Katoke, ukavuka hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, ni tunda la huko.

Sasa Festo. Alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye ukoo wa wafugaji na watawala. Mmoja wa wazee wa ukoo wake alikuwa chifu, na hapa ndipo penye kisa ambacho Festo mwenyewe alikisimulia maisha yake yote. Nami nakisimulia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza.

Siku moja chifu amekaa barazani na wazee wake. Akaja mtu, mchunga ng'ombe wake wa zamani, anaswaga ng'ombe wanane, wameshiba, ngozi inang'aa. Akamwamkia chifu, akasema: hawa ni wako. Nilipokuwa nakuchungia niliiba wanne. Wamezaa, sasa ni wanane, nimewarudisha. Chifu akauliza nani amekukamata. Yule mtu akajibu: Yesu. Baraza zima likanyamaza. Akaendelea kusema kwamba wakitaka wamfunge, wakitaka wamchape, yeye kwa mara ya kwanza maishani ni mtu huru. Chifu hakumfunga. Baada ya siku chache Festo akamwendea mzee wake kwa utani, nasikia umepata ng'ombe wanane wa bure, lazima una furaha. Mzee akamwambia aachane na habari hizo. Tangu yule mtu aje yeye hapati usingizi, kwa sababu kama angetaka amani ile, angetakiwa kurudisha ng'ombe mia.

Umeona hesabu yake? Aliiba wanne, akarudisha wanane. Ndama nao walihesabiwa. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji kwenye barua ya mwisho.

Festo mwenyewe hakuokoka siku hiyo. Alikwenda shule, akawa mwalimu, akawa msomi anayewacheka walokole, na chupa nayo alikuwa haiogopi. Mwaka 1941, Jumapili moja, anarudi nyumbani kwa baiskeli, pombe iko kichwani, rafiki yake akamkuta njiani naye yuko juu ya baiskeli. Rafiki akamwambia kwamba saa tatu zilizopita Yesu amekuwa hai kwake, na papo hapo akamtaka radhi kwa mambo waliyokuwa wakiyazungumza pamoja. Halafu akapanda baiskeli yake akaenda. Hakumhubiria hata sura moja. Festo alifika nyumbani pombe imemtoka, akapiga magoti.

Na jambo la kwanza lililomjia baada ya hapo halikuwa mimbari. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyemchukia sana, anaishi maili hamsini kutoka pale. Alipiga pedali maili zote hizo, kwenye milima ya Kigezi, kwenda kumwambia: nilikuchukia, nisamehe. Mwenye kujua milima ya Kigezi anajua hiyo si safari ya mchezo. Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nakujibu kwa baiskeli hiyo.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, St John's. Mlinzi mmoja mzee ametuambia Festo Kivengere aliwahi kufundisha kwenye majengo haya haya. Wenzangu wanabisha, wanasema yule ni Mganda, angefuata nini Ugogoni? — Msomaji, Dodoma*

Mnunulieni huyo mlinzi soda. Kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2007, hapo palikuwa Sekondari ya Mazengo, na kabla ya kuitwa Mazengo paliitwa Alliance. Festo na mkewe Mera walikuja Dodoma katikati ya miaka ya 1940, naye akafundisha Alliance. Walikaa zaidi ya miaka kumi, hadi 1959. Hawakuletwa na mshahara. Walikuja kama wamisionari, Waafrika waliotumwa kwa Waafrika, wakati neno mmisionari lilikuwa bado lina rangi ya ngozi.

Mimi nilizaliwa hapa mwaka 1953, kwa hiyo alipoondoka nilikuwa mtoto wa kuvaa gauni moja; simkumbuki. Mama yangu alimsikia. Alichokumbuka zaidi ni Kiswahili chake. Alisema kilikuwa cha mtu aliyejifunza ukubwani, kina kona zake, lakini akianza kusimulia, watu wanasahau kufukuza nzi.

Kiswahili hicho kilimfikisha mbali. Mwaka 1959 alizunguka Australia akihubiri pamoja na Yohana Omari, askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana Tanganyika, aliyewekwa wakfu 1955. Wakristo weupe wa Australia wakakaa chini kufundishwa na wanaume wawili weusi kutoka nchi ambazo bado zilikuwa chini ya Mwingereza. Mwaka uliofuata Billy Graham alipopita Afrika Mashariki, Festo alikuwa miongoni mwa waliomtafsiria. Nimetafsiri mikutano ya shule mara mbili tatu, najua kazi ile ilivyo. Mkalimani mbovu anatafsiri maneno, mzuri anahubiri mara ya pili. Baada ya hapo majukwaa ya dunia yakawa yake, pamoja na kundi la African Enterprise aliloliongoza na Michael Cassidy wa Afrika Kusini. Hayo yamo vitabuni, sitayamwaga hapa. Ninyi kazi yenu ni moja: muulizeni mlinzi walimu wa zamani walikuwa wanaishi nyumba zipi, kabla na yeye hajaondoka na majibu.

*Dada Mwalimu, heshima yako. Nimesoma kwamba huyu askofu aliandika kitabu kinachoitwa "Nampenda Idi Amin". Mimi ni mtu wa Kyaka. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na nne. Nyumba yetu ilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, na kaka yangu hatukumwona tena. Nimelisoma jina hilo la kitabu mara tatu nikashindwa hata kukasirika. Ni kejeli, au ni kitu gani? — Msomaji, Kagera*

Kaka yangu, barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kumwagilia mboga, ndipo nikarudi. Sitajaribu kukuambia unapaswa kuhisi nini. Nitakueleza tu jina lile lilitoka wapi, halafu uamue wewe.

Festo aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi Desemba 1972. Miezi mitatu haijaisha, tarehe 10 Februari 1973, askari wa Amin walileta wanaume watatu kwenye uwanja wa michezo wa Kabale kupigwa risasi hadharani. Watu walilazimishwa kuja kutazama. Festo aliomba ruhusa kuzungumza nao kabla hawajauawa, akaruhusiwa. Aliwaendea kwa nyuma, kichwani anatafuta maneno. Utamwambia nini mtu ambaye bunduki zimeshapangwa? Wakageuka. Nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao akamuanza. Alimshukuru askofu kwa kuja, akasema siku aliyokamatwa, mle seli, alimwomba Yesu aingie moyoni mwake, akaingia. Mke wangu umwambie asihangaike, nakwenda kuwa na Yesu, naye ampokee. Wale wawili nao wakasema ya kwao ya namna hiyo, mikono yenye pingu wameinyanyua juu.

Festo akaona hana la kuwaambia wale watatu. Wenye shida ni wale walioshika bunduki. Akawageukia askari, akawatafsiria maneno ya wafungwa kwa lugha wanayoielewa. Hakutaja ilikuwa lugha gani, ila lugha ya kambi za jeshi la Uganda wakati ule wewe na mimi tunaijua, maana ndiyo tunayoandikiana sasa hivi. Askari wakachanganyikiwa hata wakasahau kuwafunika wafungwa nyuso. Wale watu walikufa wanawatazama, mikono juu, wanawapungia watu wao.

Ndiyo kusema huyu mwandishi wa jina la kitabu hakuwa mtu aliyemsikia Amin redioni.

Kisha ukaja 1977. Tarehe 5 Februari askari waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, eti wanatafuta silaha. Tarehe 10 maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika, Festo yumo. Tarehe 16 wakaitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya askari huku "ushahidi" unasomwa. Mwishowe wengine wakaambiwa waende nyumbani, Luwum akaambiwa abaki. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Festo akatafutwa yeye. Usiku wa kuamkia tarehe 20, yeye na Mera walipanda milima kwa miguu, gizani, mtu na mkewe wa umri wao, alfajiri wakawa Rwanda.

Kaka, moyo wake wakati ule haukuwa na kejeli wala upendo. Ulikuwa na chuki, na hakuificha. Alisema uchungu ulikuwa unamfanya mgumu, kila siku zaidi, na sala zinakauka. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, kanisa la All Souls, amekaa anasikiliza maneno ya msalabani: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Hapo ndipo lilipomkamata swali. Wale waliokuwa wanapigilia misumari, kama Amin angekuwa mmoja wao, Yesu angesema msamehe wote isipokuwa huyu? Alitoka mle kanisani amefungua mkono. Kitabu kikatoka mwaka huo huo. Jina lilikuwa sindano aliyojichoma mwenyewe kwanza.

Angalia pia asichosema. Kitabuni humo humo aliwataja waliouawa na jinsi walivyouawa. Hakusema Amin aachwe. Wala hakusema mtu wa Kyaka asamehe; na alikiandika kabla Kyaka haijachomwa.

Sasa nikupe na jambo linalonikera mimi, maana safu hii si mimbari. Festo alirudi nyumbani Uganda mwaka 1979. Nani alifungua barabara? Jeshi letu. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nilikuwa mwalimu kijana, nililia kwenye redio ile. Mtu aliyesema silaha yake ni upendo alirejea kwenye kiti chake kwa njia iliyosafishwa na mizinga ya JWTZ, na vijana wetu wengine wamezikwa huko. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Sioni kwamba linamfanya mwongo. Naona tu kwamba msamaha wake ulifanya kazi moja na mizinga ikafanya nyingine, na bili ya ile ya pili mmeilipa ninyi wa Kagera kuliko wote.

Ndugu yako alikuwa anaitwa nani? Ukitaka, niandikie. Sitachapisha.

*Mwalimu, "Tukutendereza" ni Kiswahili cha wapi? Tumeiimba tangu Sunday School. — Msomaji, Arusha*

Si Kiswahili, ni Kiganda: tunakusifu. Wimbo wenyewe unasema tunakusifu Yesu, Mwanakondoo, damu yako imenisafisha, nakushukuru Mwokozi. Walokole wa Uganda waliuimba kila mmoja wao alipomaliza kutoa ushuhuda, ukabebwa hivyo hivyo hadi kwa Wakikuyu, Wajaluo, Wagogo. Nyanya yangu aliimba maisha yake yote bila kujua neno lingine la Kiganda.

*Mwalimu, mume wangu ni wa ushirika wa ndugu wa zamani, wale wa mikutano ya Uamsho. Anasema mwanamke kusimama madhabahuni ni mambo ya kisasa, wazee wa Uamsho wasingekubali. Nimesikia Kivengere aliwapa wanawake ukasisi. Nani ananidanganya? — Msomaji, Kenya*

Hakudanganyi aliyekuambia. Mwaka 1983, Kabale, Askofu Festo aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi. Kanisa la Uingereza lenyewe, lililotuletea Uanglikana, lilifika hapo mwaka 1994. Mwambie mumeo kwa upole, na chakula kikiwa mezani.

Lakini mwambie pia kwamba hilo halikudondoka kutoka mbinguni mwaka 1983. Kwenye ushirika wa zamani mwanamke alikuwa anasimama kushuhudia sawasawa na mumewe, na pengine kumhusu mumewe, jambo lililofanya wanaume wengi wapate kikohozi cha ghafla. Festo alijua hilo nyumbani kwake. Alikuwa anasimulia siku aliyogombana na Mera, akamjibu vibaya, kisha akachukua Biblia kwenda kuhubiri. Njiani Roho akamwambia rudi ukaombe na mkeo. Akajitetea kwamba zimebaki dakika ishirini, watu wanamngoja, atamaliza jambo hilo akirudi. Akajibiwa: sawa, wewe nenda ukahubiri, mimi nabaki na mkeo. Akageuza. Mtu aliyezoea kurudi jikoni kuomba radhi hashangai sana kumwona mwanamke madhabahuni.

Nisimfanye mumeo akaonekana hana hoja, lakini. Uamsho ulikuwa na makucha pia. Kule Uganda kikundi kimoja kiliona wenzao wamesinzia, wakajiita walioamka tena, ndugu kwa ndugu wakaacha kusalimiana. Na nyumbani kwetu makucha hayo yaliingia hadi chumbani. Dada yangu mkubwa alisukwa nywele kwa ajili ya arusi ya rafiki yake. Jumanne ilipofika, kwenye ushirika mmoja ambao sitautaja, wazee wakamtaka asimame aungame udunia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema sina dhambi hapa, nina nywele. Walimwimbia wimbo wa kutubu mara tatu huku amesimama. Akatoka, na mpaka anaingia kaburini hakukanyaga tena ushirika, ingawa aliomba Mungu kila usiku, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Mama alilibeba hilo. Kutembea nuruni, tulivyokuwa tunaita kuungama huko kwa wazi, ni kuzuri ukiwa taa umeishika mwenyewe. Akiishika mwenzako akakumulika machoni, huoni kitu.

Kwa hiyo mumeo asiseme "wazee wa Uamsho" kana kwamba walikuwa na kinywa kimoja. Wapo waliopima nywele, na yupo aliyeweka mikono juu ya vichwa vya wanawake watatu. Huyo wa pili alifia Nairobi tarehe 18 Mei 1988, kwa saratani ya damu, na yuko wapi mumeo wa kumwambia hakuwa ndugu?

*Shikamoo Mwalimu. Nisifichue mji wangu. Mwaka 1993 nilikuwa karani wa ghala. Niliuza magunia sita ya mpunga ya tajiri wangu, nikamwambia yameoza. Aliniamini. Sasa nimeokoka miaka minne, tajiri amefariki, watoto wake wawili wapo hapa hapa mjini. Mke wangu hajui. Hao walokole wa zamani unaowasifu wangefanyaje? — Msomaji*

Marahaba. Siwasifu sana, umesoma habari ya dada yangu. Ila katika jambo lako, hao ndio wataalamu.

Wangekuambia kwanza usilipeleke kwenye maikrofoni. Siku hizi naona watu wanaungama mbele ya kamera dhambi zisizo na mwenyewe: nilikuwa gizani, nilikuwa mbali. Makofi. Walokole wa zamani walikuuliza giza la kiasi gani, la nani, na limehifadhiwa wapi. Yule wa ng'ombe alikwenda kwa chifu. Festo aliendesha baiskeli hadi kwa yule Mwingereza. Wewe una watoto wawili wa marehemu.

Kabla yao, mkeo. Pesa itatoka kwenye nyumba yake, asije akaisikia kwa jirani. Mwambie jioni, si usiku wa manane. Usiku wa manane mtu anasikia vibaya.

Kisha piga hesabu. Usitafute bei ya 1993, hizo si pesa tena, hazinunui hata gunia tupu. Magunia sita kwa bei ya mpunga ya leo sokoni kwenu, na uongeze kitu. Ndama, nilikuambieni muishike. Usipoweza kulipa mara moja, sema hivyo hivyo na utaje tarehe. Wanaweza kukukasirikia. Wanaweza kukushtaki, na yule mtu wa Kigezi alilijua hilo alipokuwa anaswaga ng'ombe wake kuelekea barazani. Wanaweza pia kukucheka, na wengine wanaona heri washtakiwe.

Mama yangu aliliona hilo la kuchekwa. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa amenunua kitambaa cha kaki cha kaptula ya kaka yangu, mwenye duka akakosea chenji akamzidishia shilingi mbili na senti hamsini. Akazitumia. Ikapita kama miaka miwili, ikamkamata Jumanne moja chini ya mkwaju, mbele ya watu wote akaitaja, na senti zake. Kesho yake akafunga pesa kwenye pindo la kanga, akanishika mkono, tukaenda. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Mama akaeleza. Mzee hakuelewa. Akaeleza tena. Mzee akatoa daftari, akarudi nyuma kurasa na kurasa, kidole kinapita kila mstari, akasema hapa hakuna, mama, hakuna deni. Mama akaweka pesa juu ya kaunta. Mzee akazirudisha. Mama akaziweka tena. Wateja wengine wameanza kucheka, mmoja anamuuliza mama kama na yeye ana cha kumrudishia. Mimi natazama sakafu, natamani ipasuke.

Mwishowe mzee akavua miwani, akazichukua zile pesa, hakuziweka kwenye droo. Aliziweka peke yake pembeni, chini ya jiwe la mizani. Akainama, akakata kipande cha sukari guru kikubwa kama ngumi yangu, akanipa. Nilikuwa nimeshakitia mdomoni.

Mama akafungua pindo tena. "Na hii bei gani?"